Maneno Kumi na Moja ya Mama

Kanisa letu la kijijini lina milango miwili, na ule wa nyuma haufungi vizuri. Asubuhi za Jumapili ukungu ulikuwa unaingia kwa mlango huo kabla ya waumini, unatambaa chini ya mabenchi, na kwa kuwa benchi la mwisho lilikuwa letu, sisi ndio tuliokuwa tunaupokea kwanza. Nikiwa mtoto niliamini ule ukungu ndio Roho Mtakatifu mwenyewe. Nilishangaa kwa nini watu wa mbele wanapiga kelele wakiomba ashuke wakati mimi nimekwisha kulowa miguu.

Ukikaa nyuma unaona migongo tu. Niliihesabu migongo ile tangu nina miaka mitano, halafu nikaihesabu tena, kwa sababu mara ya kwanza hakukosi mtu aliyeinama. Tabia hiyo ilinifaa ukubwani. Leo nauza mitumba Nkende, pale mjini Tarime, na robota likifunguliwa nahesabu nguo mara mbili: kwanza kwa macho, kisha kwa vidole, maana macho yana huruma na vidole havina.

Mama alikaa benchi lile kwa sababu alikuwa mwanafunzi wa ubatizo. Utaratibu wa kwetu ni kwamba mwanafunzi wa ubatizo hukaa nyuma mpaka siku atakayobatizwa, na meza ya Bwana huitazama kwa mbali. Wengi hukaa miezi sita. Mama alikaa miaka ishirini na mbili.

Kilichomweka pale kilikuwa nyumbani kwetu, na wenyeji wa huku wanakiita nyumba ntobhu. Nitaeleza taratibu, kwa kuwa nimeishi muda mrefu bila kukieleza kabisa. Bibi alifiwa na mume akiwa na mabinti watatu na hana mtoto wa kiume. Binti wa mwisho alipoolewa, ng'ombe waliokuja kwa ajili yake Bibi hakuwauza wala hakuwagawa. Aliwatoa kumwoa msichana, kwa desturi zote, wazee wameketi, nyama imeliwa, ili msichana huyo aje azae kwa jina la nyumba yake. Msichana huyo ndiye mama yangu. Aliyenizaa ni mwanamume fulani aliyekubalika. Alikuja, akaenda, hakusahau hata kofia. Kwa kawaida za huku mimi si mtoto wake, mimi ni mtoto wa Bibi. Alipokuwa na furaha Bibi alijipiga kifuani na kuniambia, "Njoo kwa tata," yaani njoo kwa baba, na watu waliotaka kucheka walisogea kwanza mbali na fimbo yake.

Nyumba iliyokuwa ikitafuta mtoto wa kiume ikanipata mimi, msichana, na baada yangu hakuja mwingine. Wanasema Bibi alinipokea, akanigeuza mbele na nyuma, akasema, "Haya. Na huyu naye ana mikono."

Nyumba ile ninaiona mpaka leo nikifumba macho. Ipo juu kidogo ya Nyakunguru, na toka mlangoni unasikia mashine za dhahabu zikinguruma mbali, usiposikiliza sana unadhani ni radi ambayo haijaamua. Wanawake wawili, mtoto mmoja, mbuzi wanne. Jioni Bibi alimsuka mama, mama akanisuka mimi, nikamsuka mbuzi. Hakuna aliyeniambia kwamba kuna kitu kimepungua.

Niliambiwa shuleni. Mwalimu mgeni, aliyehamishiwa kwetu kutoka mkoa mwingine na wala hakuwa na ubaya wowote, aliuliza jina la baba ili ajaze fomu. Nikataja jina la Bibi. Akasema, "Hapana, hilo ni jina la mwanamke. La baba." Nikalitaja tena. Darasa zima likalala juu ya madawati kwa kicheko, na yeye akabaki ameinua kalamu, hajui amekanyaga nini. Siku hiyo nilirudi nyumbani nikiwa na macho mapya, na kwa macho hayo nyumba yetu ilionekana ndogo na ina jambo la kuficha.

Basi nikajitengenezea baba. Nilianza naye kidogo kidogo, nilipohamia Nkende nikamkamilisha. Alikuwa bwana mifugo, amefariki kwa ajali ya pikipiki akienda kuchanja ng'ombe. Kila mwaka nilimwongezea kitu. Nilimpa koti la kijani. Nilimpa kitambi cha wastani. Muuguzi mmoja wa zahanati ya kijijini kwetu, mwenyeji wa Kusini, mteja wangu mzuri, aliposikia habari zake alinishika mkono akanipa pole mpaka nikalia. Nililia kweli. Nikampunguzia bei ya sketi mbili.

Mama hakuwa na shida hiyo. Neno lilimkuta akiwa kibarua kwenye kahawa ya watu, mke wa mwinjilisti akichuma mstari wa pili huku akiongea na Mungu kama anavyoongea na jirani. Mama aliniambia alishangazwa na kitu kimoja tu: yule mwanamke hakuwa anaogopa. Jumapili iliyofuata akanibeba, akaenda. Wazee wa kanisa wakamwandikisha darasa la ubatizo, halafu wakamweleza sharti: atoke kwanza kwenye nyumba ile, maana mwanamke kuolewa na mwanamke, hata kama ni kwa ajili ya ukoo, kanisa halilitambui.

"Nitoke niende wapi?" mama aliuliza. "Na yule mama macho yanaanza kumwishia. Nani atamlisha?"

Hawakuondoa sharti. Mama naye hakutoka nyumbani, na kanisani pia hakutoka. Akaendelea na darasa. Alisoma na watoto wa miaka kumi na miwili. Wakabatizwa, wakamwacha. Wakaja wengine, wakabatizwa, wakamwacha. Wale wa kwanza wakaoa, wakazaa, wakaleta watoto wao darasani, wakamkuta mama ameshika daftari. Walimu wapya walikuwa wanamwuliza yeye wamefikia wapi. Kijana mmoja wa darasa lake la kwanza, ambaye alikuwa akinakili majibu yake bila kuficha, ndiye leo mwenyekiti wa wazee wa kanisa. Mzee wa miaka thelathini na minne. Tena ndiye mkalimani: mchungaji akihubiri Kiswahili, yeye anawageuzia Kikurya wale wazee wasiokifuata.

Mwaka huu nilikuwa Natta gulioni, upande wa Serengeti, mama aliponipigia simu. Naenda huko mara kwa mara na makoti, maana wanaofanya kazi kwenye kambi za watalii wanaamka kwenye baridi kali. Unafika alfajiri imeyeyuka, nyasi zinatoa mvuke, na kando ya barabara pundamilia wamesimama kimya kama nguo zilizoanikwa zikasahauliwa. Nilikuwa nimekaa juu ya robota, nusu nimelala.

"Mwanangu, nimeota."

"Umeota nini, mama?"

"Niko majini. Yananifika magotini, yana uvuguvugu, kama maji ya kumwogesha mtoto. Ng'ambo kuna mtu amekitandaza kitenge kwa mikono miwili, ananingoja nitoke."

"Nani?"

"Sikumuuliza. Wewe mtu anakungojea na kitenge, utamuuliza jina?"

Nikacheka. Yeye hakucheka. Akasema miguu yake inavimba, dawa za zahanati zinaipunguza halafu inarudi. Kijito cha kubatizia kipo chini kabisa ya kilima, njia yake ni ya kuteleza. "Mwakani sitashuka kule. Nataka iwe mwaka huu, kabla ya masika. Unajua kuongea na watu. Kaongee na wazee."

Ninajua kuongea na watu. Nilifunga biashara mapema, na njia nzima nilipanga hoja kama ninavyopanga mashati: mazuri juu, yenye kasoro katikati.

Mchungaji hakuwepo. Ni kijana wa Dodoma, mgeni kwetu, ana makanisa matatu na huja kwetu mara moja kwa mwezi. Nikapokelewa na wazee watatu kwenye chumba kidogo cha nyuma, pamoja na ngoma mbili na magunia ya mahindi ya sadaka. Nikawaamkia. Mwenyekiti akafungua daftari.

"Dada, kanuni ni kanuni," alisema. "Miezi mitatu awe nje ya nyumba ile. Jumapili tatu asimame mbele ya kanisa. Na alitamke kosa lake lote, toka mwanzo."

"Mzee mwenyekiti, hiyo ni bei ya mgeni. Mimi mwenyeji."

Mzee aliyewazidi umri akagonga fimbo. "Hapa si sokoni, binti."

"Najua, baba. Sokoni sasa hivi ningekuwa nimeshaondoka mara mbili na mmeniita."

Wa tatu akaficha kicheko ndani ya kikohozi. Nikajua nimepata mlango. Nikasema, "Bibi haoni kabisa sasa. Mama akitoka miezi mitatu, mtakwenda kumlisha kwa zamu. Nipeni hiyo kalamu niandike ratiba. Jumatatu nani?" Wakatazamana. Jumatatu haikuwa na mtu, wala Jumanne. Miezi mitatu ikaanguka. Jumapili tatu zikawa mbili, mbili zikawa moja. Tukaingia kwenye maneno yenyewe, na hapo tulikaa hadi jua likahama dirisha. Wao walitaka habari ya ng'ombe, habari ya mwanamume, habari yangu. Niliondoa moja baada ya nyingine kama vifungo. Mwisho tukapatana, mwenyekiti akaandika kwenye karatasi:

Nimekosa kwa kukaa katika ndoa isiyo ndoa. Naomba kanisa linisamehe, linipokee.

Maneno kumi na moja. Niliyahesabu mara mbili. Nilipanda kilima kwenda nyumbani nikiwa mwepesi, ukungu wa jioni ukishuka na mimi nikipanda, nikijisemea hakuna mtu Tarime nzima angewashusha wale wazee mpaka pale. Sikujiuliza swali ambalo ningeliuliza hata kwa shati la mtoto: hiki ninachokichukua kina kazi gani?

Mama alikuwa anakoroga uji wa ulezi. Alisoma karatasi kwa mwanga wa moto, midomo ikitembea. Akairudia sehemu moja. "Ndoa isiyo ndoa." Akatazama kitanda alicholala Bibi, akatazama mwiko. "Sasa miaka yote hii nilikuwa nimekaa wapi?"

"Mama, ni maneno tu. Kumi na moja. Walitaka useme ukurasa mzima."

"Naona." Akaikunja mara nne. "Umeninunulia aibu kwa bei nzuri, mwanangu."

Nikachochea moto ambao haukuhitaji kuchochewa.

"Nitayasema," alisema. "Yule anayenisubiri na kitenge hakuniambia niyaseme. Ila nayataka yale maji."

Jumapili ikaja na mchungaji wake. Mama alitangulia kwa miguu, polepole, kabla umande haujakauka. Mimi nilibaki kumnywesha Bibi uji, na Bibi akatangaza kwamba leo na yeye anakwenda. Hakuwahi kuingia kanisani. Mizimu ya kwao alikuwa akiisalimia kwa adabu zake, na Yesu alimjua kupitia kwa mama tu, kijiko kwa kijiko.

"Bibi, utachoka."

"Nichoke na nini, nimelala mwaka mzima? Nasikia mke wangu anaitwa na watu. Nikae hapa nishike nini?"

Tukapanda bodaboda mshikaki: dereva, Bibi, mimi nyuma nikimbana asidondoke. Ukungu ulikuwa mzito hivi kwamba miti ilikuja, ikatutazama, ikarudi. Bibi, asiyeona, ndiye pekee ambaye haukumsumbua. "Mura!" yaani kijana, alimpigia dereva kelele kwa Kikurya, "mbona unaendesha kama umebeba mayai?" Nilihisi mbavu zake chini ya mikono yangu, nyembamba kama vijiti vya kapu, na kwa muda nilisahau tunakokwenda. Ilikuwa kama tunasafiri ndani ya maziwa.

Tukakaa nyuma. Nilitafuta migongo ninayoijua, na benchi la tatu nikauona mmoja uliovaa blauzi niliyoiuza mwenyewe. Muuguzi wa Kusini. Nikajishusha kidogo.

Baada ya nyimbo mwenyekiti akasimama, akasema kuna dada anataka kutengeneza na kanisa. Mama akaenda mbele. Miguu yake ilikuwa imejaa ndani ya viatu, na ilimchukua muda mrefu kufika, na kanisa lote likasikiliza viatu vile. Alipogeuka kututazama niliona jinsi alivyo mdogo. Hata miaka hamsini hajafika. Akaikunjua karatasi.

"Nimekosa kwa kukaa—"

"Anasema nini?" Bibi aliniuliza, kwa sauti ya mtu anayedhani wote ni viziwi kama yeye alivyo kipofu. "Nani amekosa?"

Nikamnong'oneza. Sikufika mwisho. Alishika bega langu, akasimama, akaanza kutembea. Fimbo yake iligonga benchi moja baada ya jingine, kushoto, kulia, watu wakivuta miguu, mpaka ikagonga kiatu cha mama. Akampapasa mkono. Akageukia upande ambao alidhani watu wapo. Alikosea kidogo, alikuwa anaongea na dirisha. Aliongea Kikurya, muda mrefu, bila kupumzika.

Mchungaji hakuelewa neno. Akamtazama mkalimani wake. Mwenyekiti akalamba midomo.

"Bibi anawasalimu," alisema.

Kanisa zima likaangua kicheko, maana walioelewa walikuwa wote isipokuwa mchungaji na muuguzi. Mchungaji akangoja kipite.

"Salamu ndefu hiyo," alisema. "Nani mwingine anaweza kunisaidia?"

Mama akanyoosha kidole. "Mwanangu yule pale nyuma. Lugha zote mbili anazo."

Sijui nilifikaje mbele. Nakumbuka mwanga wa madirisha ulikuwa mweupe kama ukungu umebaki nje unachungulia. Nakumbuka uso wa muuguzi, umejaa huruma, tayari kwa yatima wa bwana mifugo. Bibi akanisikia nimefika, akauliza, "Ni wewe? Haya, waambie, na usipunguze. Nakujua."

Akasema kipande, nikageuza kipande.

"Anasema: huyu mwanamke nimemwoa mimi. Hakujileta. Alikuwa msichana, wanaume waliketi wakapatana juu yake, na baba zenu wengine mlioko hapa walikuwepo, walikula nyama, tena mmoja alidai ini."

Kicheko kidogo, upande wa wazee.

"Anasema: kama kuna wa kusimama hapa mbele kuulizwa, ni mimi, na mimi hamjawahi kuniita. Anasema: miaka mingi mimi sioni. Huyu amenilisha, amenifulia, amenisitiri. Na kila siku aliniambia habari za huyo Yesu wenu, kwamba hachoki na mtu. Nikadhani na nyinyi ndivyo mlivyo."

Hapo hakucheka mtu.

"Anasema: mnataka aoshwe, sawa, mwosheni. Lakini uchafu wenyewe niambieni ni upi, mimi sioni, na nimeishi naye ndani ya nyumba moja."

Kisha Bibi akaweka mkono kichwani kwangu, mkono mkavu, mwepesi kama jani la ndizi lililokauka, akasema kipande cha mwisho. Kilikuwa kifupi. Mtu wa biashara anajua kukipunguza kitu bila mteja kuona. Neno "mjukuu" lilikuwa limeshaiva mdomoni mwangu. Lisingemdhuru mtu. Mchungaji angeendelea, muuguzi angeendelea, marehemu wa koti la kijani angeendelea kupumzika kwa amani. Lakini nilimwona mama na karatasi yake mkononi, karatasi niliyoipatania mimi, na nikaelewa kwamba aibu ile haikuwa yake hata siku moja. Ilikuwa yangu. Nimeibeba toka dawati la darasa la kwanza, na wiki iliyopita nimempelekea yeye aisome kwa sauti.

"Anasema," nilisema, na sauti yangu niliisikia ikitoka mbali, kama mtu anayeita ng'ambo ya bonde, "anasema, huyu anayetafsiri ni mtoto wangu. Mimi ndiye baba yake. Na ni kweli. Sina mwingine. Sijawahi kuwa na mwingine."

Nilingoja paa lianguke. Halikuanguka. Nje jogoo wa mtu aliwika, saa nne ya asubuhi, hana ratiba.

Mchungaji akanyoosha mkono kwa mama, akapewa karatasi. Akaisoma. "Haya maneno aliyaandika nani?"

"Mimi na wazee," nilisema. "Tulipatana."

"Mlianzia mangapi?"

"Ukurasa mzima, mchungaji."

Nadhani alitaka kucheka, akaona si wakati. Aliikunja karatasi akaitia mfukoni, akamgeukia mama, akamuuliza kwa upole kama anamwamini Yesu kwamba alikufa kwa ajili yake na akafufuka. Mama akasema ndiyo, tangu kwenye kahawa. Akamuuliza kama ana kitu cha kutubu. Mama akafikiri sana. Akasema ndiyo, anavyo, anamkasirikia Bibi akimwaga uji, na kuna jirani hajamsamehe habari ya mbuzi. "Vingine namwambia Mungu mwenyewe kila siku, ananisikia."

Yule mzee wa fimbo akasimama kupinga: kanuni, kanuni. Mchungaji alimsikiliza mpaka mwisho. Akasema kanuni atakwenda kuijibu mwenyewe huko juu kwa wakubwa wake, na kama ni kumhamisha wamhamishe. "Lakini mama huyu hakuja hapa kununua kitu, baba. Kilichopaswa kulipwa kwa ajili yake kililipwa zamani, pale msalabani. Mimi na wewe hatukuchangia. Tunamzuiaje mlangoni?"

Walitoka watu saba. Nilihesabu tena: tisa. Mwenyekiti hakutoka. Alibaki ameshika daftari lake kifuani, kama aliyemsahau mtu mahali halafu akamkumbuka ghafla.

Tukashuka kijitoni mchana huo huo. Njia ilikuwa na utelezi kweli, na mama alishuka akiwa ameshikwa huku na huku, Bibi akibaki juu anauliza kila hatua, "Amefika? Na sasa?" Jua lilikuwa limepasua ukungu vipande vipande, na vipande hivyo vikawa vinapita juu ya maji, vyepesi, kila kimoja na haraka yake. Mimea ya ukingoni ilikuwa inanuka kijani. Muuguzi alikuja akasimama karibu nami, kimya, kisha akaniegemea sikioni.

"Kwa hiyo bwana mifugo?"

"Hakuwepo."

"Na koti lake?"

"Niliuza."

Alicheka mpaka akashika mti. Halafu akanishika mkono, kama siku ile, ila safari hii hakunipa pole, na mimi sikulia.

Maji hayakuwa ya uvuguvugu. Mama alipiga ukunga mdogo alipoingia. Akazama, na kwa kitambo hicho kijito kikawa hakina mtu, kinapita tu, kama kimekuwa kikipita hivyo tangu mwanzo na kitaendelea. Akatoka. Uso wake ulikuwa unatiririka, macho amefumba, na sijui kukwambia alifanana na nani. Alifanana na mtu asiyedaiwa jambo lolote na yeyote.

Mwezi uliofuata mchungaji akarudi, bado hajahamishwa, na siku hiyo ilikuwa ya meza ya Bwana. Wale tisa, wanne wamerudi, akiwemo mzee wa fimbo, ambaye hakututazama lakini alikuja. Mama alikwenda mbele na wenzake, akapiga magoti kwa shida, akapokea mkate kwa mikono miwili. Aliyekuwa anapitisha kikombe ni mwenyekiti. Alipofika kwa mama kikombe kikaanza kugonga sinia, na akasimama pale ameinamisha kichwa, hawezi kwenda mbele wala kurudi. Nilikuwa karibu. Mbele yake alikuwa mwanamke ambaye majibu yake yeye aliyanakili darasani.

Mama akainua mkono, akaushikilia ule wake na kikombe kwa pamoja, mpaka ukatulia.

"Shika tu vizuri, mwanangu," alimwambia. "Hakijamwagika."

Akanywa.